Osman na Athumani: Ugomvi wa jina moja

Jumamosi moja asubuhi nilipigiwa simu kutoka Kwale. Mpigaji nilimfundisha isimu miaka ya tisini, na sasa yeye mwenyewe ni mwalimu wa Kiswahili aliyebakisha miaka michache astaafu. Baada ya shikamoo na marahaba, na yale malalamiko ya usahihishaji ambayo walimu hatuyaachi hata tukizeeka, akashusha sauti. "Mwalimu, nina kesi nyumbani. Binti yangu amejifungua mtoto wa kiume. Kesho kutwa ni siku ya saba, na jina hatuna."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mama yake mpigaji, ajuza ambaye kauli yake nyumbani hairudishwi, anataka kitukuu apewe jina la marehemu mumewe, Athumani. Binti na mumewe wanataka mtoto aitwe Osman. Tangu mimba ikiwa changa, wawili hao wamekuwa wakikesha mbele ya tamthilia za Kituruki, na wameshaamua kuwa Athumani ni jina la wazee wa barazani, ilhali Osman ni jina la shujaa aliyeasisi dola. Katikati ya mvutano huo akatokea kijana mmoja na simu yake, akatafuta maana ya Osman. Ukurasa wa kwanza ulimwambia ni "mteule". Wa pili ukasema "hodari mwenye hekima". Wa tatu ukasema "mtoto wa nyoka". Ajuza aliposikia hilo la tatu aliapa kwamba hatampakata mtoto mwenye jina la nyoka.

Nikamuuliza mwanafunzi wangu, "Na Athumani nalo mlilitafuta maana?"

"Hapana, Mwalimu. Hilo si ni la babu?" Kisha akacheka kidogo. "Mimi nashuku ni jina moja hilohilo. Lakini hapa nyumbani nikisema mimi, hawanisikizi. Nikisema profesa kasema, watasikia."

Basi profesa na aseme, ijapokuwa nitahitaji nafasi kubwa kuliko ile ya simu.

Naanza na hizo kurasa za majina, kwa sababu zinapotosha watu wengi na hakuna anayezikosoa. Mtunzi wa ukurasa wa namna hiyo hulichukua jina kana kwamba ni kidahizo cha kamusi, akalipa maana ya neno moja au mawili, tena mara nyingi maana ya sifa, maana mzazi anayetafuta jina anataka kusifiwa mtoto wake. Hasemi maana hiyo ni ya lugha gani. Hasemi jina lilipita wapi kabla ya kufika lilipofika. Osman ni jina la Kituruki kwa maana kwamba Waturuki wanalitumia na wamelitamka kwa namna yao, lakini ukiuliza maana yake kwa Kituruki hutapata kitu. Hakuna mzizi wa Kituruki ndani yake. Ni jina la Kiarabu, Uthman, lililovaa nguo za Anatolia.

Na kwa Kiarabu, kwa bahati mbaya ya ajuza wetu, yule kijana wa simu hakudanganya. Kamusi kongwe ya Lisan al-Arab, iliyotungwa na Ibn Manzur, mtu aliyeishi zama zilezile za Osman mwenyewe, inaliweka neno hili katika maana mbili: kinda la hubara na mtoto wa nyoka. Hubara ni ndege mkubwa wa nyikani, wa jamii ya tandawala wetu. Hivyo nyoka yumo. Hata hivyo yumo katika Athumani kama alivyo katika Osman, na marehemu mzee wa Kwale alilibeba jina hilo maisha yake yote bila kumuuma mtu.

Waarabu wa kale hawakuona haya kumpa mtoto jina la mnyama. Asad ni simba, Fahd ni duma, na jina Thaalaba linatokana na mbweha. Sisi wenyewe hatuko mbali na hayo. Wakikuyu wana Njogu, yaani ndovu, na Ngari, yaani chui. Wakamba wana Mbiti, naye ni fisi, na sijaona mtu aliyefungia mbuzi zake ndani kwa kuwa Bwana Mbiti anapita njiani.

Ukitaka kuona upuuzi wa kuyafasiri majina neno kwa neno, mtazame Osman na babake. Babake anaitwa Ertuğrul, na hili ni jina la Kituruki hasa: *er* ni mwanamume, na *tuğrul* ni ndege wa kuwinda, jamii ya mwewe na kipanga. Sasa ndege anayewindwa kwa vipanga huko Arabuni tangu jadi, kuliko ndege wote, ni hubara. Kwa hiyo tukiwasikiza watu wa kurasa za majina, dola iliyotikisa Ulaya na Asia kwa miaka zaidi ya 600 iliasisiwa na kinda la kitoweo lililozaliwa na mwewe! Mwenye akili atakubali kuwa waliompa mtoto jina hilo hawakuwa wakifikiria ndege wala nyoka.

Walimfikiria mtu. Uthman bin Affan alikuwa khalifa wa tatu, aliyetawala kuanzia mwaka 644 hadi alipouawa mwaka 656, na ni katika enzi yake ambapo maandishi ya Kurani yalikusanywa katika nakala moja na nakala hizo kupelekwa miji mbalimbali. Alioa mabinti wawili wa Mtume, mmoja baada ya kufa mwenzake. Mzazi Mwislamu wa Bursa, wa Kano au wa Kwale anayemwita mwanawe kwa jina hilo huwa anamkumbuka huyo, au anamkumbuka babu aliyepewa jina kwa kumkumbuka huyo. Hiyo ndiyo maana ya jina. Ile ya Ibn Manzur ni asili ya neno, na mambo haya mawili yakichanganywa ndipo ajuza anakosa usingizi.

Sasa nije kwenye sauti, maana hapa ndipo jina linaposimulia safari yake lenyewe. Uthman ya Kiarabu ina mambo mawili magumu kwa mgeni. La kwanza ni ile sauti ya kooni inayotangulia irabu, iitwayo *ain*. La pili ni *th*, ile ya thelathini. Waturuki hawana hata moja. *Ain* wakaiacha ipotee, na *th* wakaifanya *s*, wakapata Osman. Wasomali wakaishika *ain* barabara, hata katika hati yao rasmi ya mwaka 1972 wakaiwekea herufi *c*, lakini *th* wakaifanya *s* kama Waturuki, ndiyo sababu ndugu zetu wa Garissa na Wajir huandika Cismaan wanapofuata hati hiyo, na Osman wanapoandikiwa kitambulisho. Waswahili nasi tukafanya kinyume cha Wasomali: *ain* tuliitupa, *th* tukaiweka. Kisha, kwa kuwa hatupendi konsonanti mbili za namna hiyo zibanane, tukatia *u* katikati na *i* mwishoni, na irabu ya mwanzo ikageuka *a*. Athumani. Huko Senegali hilohilo likawa Ousmane, jina analolibeba mwandishi Sembène Ousmane, na kwa Wahausa likawa Usman.

Hii *th* ya Kiswahili ni hazina ambayo hatuithamini. Weka maneno ya Kituruki kando ya yetu, yote yenye asili ya Kiarabu, uone. Sisi tunasema thawabu, wao *sevap*. Sisi mirathi, wao *miras*. Sisi hadithi, wao *hadis*. Sisi athari, wao *eser*. Na ndugu yake *th*, yaani *dh*, kwao imekuwa *z*: adhana ni *ezan*, idhini ni *izin*, dhuluma ni *zulüm*, na Ramadhani ni *Ramazan*. Kila mwaka hupata wanafunzi wasemao "selasini" na "samani", na kila mwaka huwasahihisha. Wangezaliwa Ankara, wangehesabiwa kuwa wasemaji fasaha.

Msomaji anayefuata tamthilia hizo akiijua kanuni hii moja tu atawatambua majirani zake wengi kwenye skrini. Ajue pia kwamba alfabeti ya Kilatini ambayo Waturuki waliipokea mwaka 1928 ina desturi zake: *c* ni *j* yetu, *ç* ni *ch*, *ş* ni *sh*. Recep, jina la rais wao ambalo watangazaji wetu hulitamka "Resepu", husomwa Rejep, na si mwingine bali ni Rajabu. Hatice ni Hadija. Ayşe ni Asha. Mehmet ni Muhammad, lakini hapa pana adabu ndani yake: Waturuki walilihifadhi umbo la Muhammed kwa ajili ya Mtume, na watu wa kawaida wakapewa Mehmet, ili mtu akimgombeza mwanawe au akimtukana jirani, lile jina tukufu lisiguswe. Ukitafuta Mehmet kwenye kurasa za majina utaambiwa "mwenye kusifiwa", basi. Hiyo adabu yote imeachwa nje.

Narudi kwa Osman mwenyewe, kwa sababu jina lake lina fumbo ambalo wanahistoria hawajamaliza kulijadili. Mwandishi Mgiriki wa Bizanti, Georgios Pachymeres, aliishi wakati wa Osman na aliandika habari za vita vya Bapheus vya mwaka 1302, ambapo jeshi la Wabizanti lilishindwa na watu wake. Pachymeres anamwita adui huyo Atman. Yaani ameandika *t*, na Kigiriki kina herufi kamili ya *th*, *thita*, ambayo Wagiriki waliomtangulia waliitumia kumwandika khalifa Uthman. Kama alisikia Uthman, kwa nini asiandike *th*? Na kama alisikia Osman, kwa nini asiandike *s*? Al-Umari wa Damasko, katika karne hiyohiyo ya 14, naye ana umbo lenye *t*. Ndipo wapo wanaosema kwamba mtu huyu alizaliwa na jina la Kituruki, Ataman au Tuman, kama walivyokuwa na majina ya Kituruki babake Ertuğrul, nduguye Gündüz na mwanawe Orhan, kisha ukoo ulipopata nguvu na heshima mbele ya Waislamu wenzao, jina likasogezwa kidogo likawa la khalifa. Cemal Kafadar ameipima hoja hii katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu kuzaliwa kwa dola hiyo.

Hoja ina nguvu, ila isibebwe kwa pupa. Osman alikuwa na mwana mwingine aliyeitwa Alaeddin, na hilo ni la Kiarabu wazi, kwa hiyo si kweli kwamba ukoo haukuyajua majina hayo. Pia ipo hati ya wakfu ya mwaka 1324, ya Kiajemi, ambamo Orhan anamtaja babake kwa jina la Osman, kwa tahajia ya Kiarabu yenye *th*. Naye Ibn Battuta, yule yule aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331 kabla ya kwenda Kilwa, alipofika kwa Orhan huko Bursa muda mfupi baadaye, alimtaja baba wa mwenyeji wake kama Uthmanjuk. Hiyo ni Osmancık, yaani Osman pamoja na kiambishi cha udogo, kama sisi tunavyotumia *ki-* kumfanya mtu awe mdogo au wa kupendwa.

Mimi, kwa upande wangu, sioni kwa nini lazima tuchague moja. Mtu yeyote aliyekulia pwani yetu, na hata bara, anajua kwamba mtu huwa na jina la nyumbani na jina la chuoni, na pengine la tatu la kwenye karatasi za serikali. Jirani Mgiriki husikia lile linaloitwa kwa sauti kutoka kilimani hadi bondeni. Karani wa wakfu huandika lile la heshima. Wote wawili wakawa wakweli. Hatari ni moja tu, nayo ni ya wale wenzangu wanaopenda kufananisha maneno: Atman ya Pachymeres isikufanye uruke hadi Athman wa Lamu na kusema Mgiriki alimsikia Mswahili. Athman wa Lamu ametoka kwa Uthman moja kwa moja, bila kupitia kwa Mturuki wala Mgiriki.

Hili la kutopitia kwa mwingine ndilo linalonirudisha kwenye kosa langu.

Miaka mingi iliyopita, katika mtihani wa tafsiri, niliwapa wanafunzi kifungu cha historia kwa Kiingereza kilichotaja Ottoman mara kadhaa. Wote isipokuwa mmoja waliandika "Dola ya Ottoman", nami nikawapa alama zao. Huyo mmoja, kijana wa pwani, aliandika "Dola ya akina Athumani". Nikapiga mstari mwekundu. Pambizoni nikaandika neno moja, "Usibuni", nikamkata alama mbili. Nilikuwa kijana, nimerudi na digrii yangu ya uzamifu, na nilidhani tafsiri iliyo karibu na kitabu cha Kiingereza ndiyo iliyo karibu na ukweli.

Lakini Ottoman ni nini? Ni Uthmani ya Kiarabu iliyosikiwa na Waitaliano, ambao hawana *th*, wakaifanya *Ottomano*, kisha ikavuka hadi Kiingereza. Wenyewe hawakujiita hivyo kamwe. Walijiita Osmanlı, ambapo kiambishi *-lı* kinafanya kazi inayofanana na ya *-a* unganifu yetu: wa Osman, kama vile *İstanbullu* ni mtu wa Istanbul. Na nasaba yao ya kifalme waliiita *Âl-i Osman*. Hiyo *Âl* ni watu wa nyumba ya fulani, aila yake, kizazi chake. Vitabu vyao vya kale vya historia vilibeba anwani ya *Tevârih-i Âl-i Osman*, na ukiitazama *tevârih* vizuri utaiona ndani yake tarehe yetu, kwa maana yake ya zamani ya habari za mapito. Sasa mnitajie neno la Kiswahili linaloifasiri *Âl-i Osman* vizuri kuliko "akina Athumani". Mimi nimelitafuta, sijalipata.

Yule kijana hakubuni. Pengine hakujua Kituruki hata neno moja, lakini masikio yake yalimwambia Ottoman ni mzee Athumani aliyepotelea ugenini, akamrudisha nyumbani kwa adabu ya *akina*. Wala watu wa pwani yake hawakuwa wageni kwa watu hao. Miaka ya 1580 Amir Ali Bey alikuja na merikebu za akina Athumani hadi Mombasa, na mwaka 1589 Wareno wakamkamata papo hapo Mombasa. Hiyo ni kabla ya kuanza kujengwa kwa Fort Jesus, mwaka 1593. Ajabu ni kwamba mtoto wa shule wa Mombasa anayesoma habari hizo leo anakutana na "Waottoman", kama kwamba ni watu wa sayari nyingine, na rafiki yake Athumani ameketi dawati la pili.

Na kama mwataka kujua jina hili limeshuka hadi wapi, nendeni Ngong Road kwa mafundi wa samani. Kile kiti kifupi kisicho na mgongo, cha kuinulia miguu mbele ya kochi, wanakiita *ottoman*, jina ambalo Wazungu walikipa kwa sababu walikihusisha na ukaaji wa Waturuki. Tumemfanya mzee Athumani kitu cha kuwekea miguu.

Sisemi kwamba sasa kila Osman afasiriwe Athumani. Mtu hai ana haki ya jina lake kama alivyolitamka mamake, na Osman wa Ankara akija Nairobi ataitwa Osman. Anayependa kuandika "Waosmani" katika kitabu cha historia pia simkatazi, kwa kuwa amelichukua neno kwa wenyewe. Ninaloling'ang'ania ni kwamba "akina Athumani" si kosa, na kwamba "Dola ya Ottoman", ambayo nimeipa alama kamili kwa miaka thelathini na ushei, ndiyo iliyo mbali na asili kuliko zote. Zile alama mbili nilizomkata yule kijana sina tena daftari la kuzirudishia. Naandika hapa, kama anasoma gazeti hili ajue.

Mwanafunzi wangu wa Kwale nilimweleza haya kwa kifupi, naye akaenda kuyatangaza sebuleni kwa jina langu. Ajuza, nasikia, aliuliza swali moja tu: huyo Osman wa kwenye televisheni ni Athumani yule wa mumewe? Akaambiwa ni yeye. Akauliza mbona basi wanamtamka hivyo, kama watu waliong'oka meno. Siku ya saba akika ikasomwa, na wiki mbili baadaye nikapata ujumbe kwenye simu: cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Osman, nyanya anamwita Athumani, na mtoto anawaitikia wote kwa kilio kilekile.